Kivuli: Hakuna

Siku mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni kwangu Tabata, na mama watoto ameshalalamika kwamba inapiga kelele. Kisha mkaniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, hasa za miaka ya mwanzo, wakati umeme wa jua ulikuwa bado kitu cha kuchekesha watu. Nimeandika. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini nimeyaacha, maana hayo hayawasaidii kupima paa. Nimeandika namna tulivyojifunza kukadiria, na kazi moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu yeyote pale ofisini.

Nyinyi leo mkifika kwa mteja mnatoa simu, mnaielekeza angani, nayo inawaonyesha njia ya jua ya mwaka mzima na kila tawi litakaloziba. Sina kinyongo nayo. Natamani ningekuwa nayo wakati ule, ingawa kwa nilivyokuwa, huenda hata hiyo ningeiacha nyumbani.

Mimi sikuingia kazi hii kwa mapenzi. Nilikuwa fundi umeme katika kiwanda cha nguo cha umma, nikitunza mota za mashine za kufuma. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, sisi yalitufikia kwa karatasi zilizobandikwa kwenye ubao wa getini, majina kwa mpangilio wa alfabeti. Watu walisukumana kusoma, na aliyeona jina lake alirudi nyuma taratibu akiwapisha wengine. Langu lilikuwa kwenye karatasi ya pili. Nilikuwa na mke, mtoto mmoja na mwingine njiani. Karibu mwaka mzima nilizunguka Tabata na Buguruni nikitengeneza pasi na feni za watu, na kila asubuhi niliamka na hofu ile ile. Naitaja hofu hiyo mapema kwa sababu baadaye ilifanya kazi yake.

Zilikuwa siku ambazo kila mwenye uwezo wa kujaza kontena alikuwa mwagizaji. Bosi wetu wa kwanza alikuwa na duka la vipuri vya redio Magomeni. Akaona mgao wa umeme hauishi, akaona nyumba mpya zinaota Mbweni na Kibamba ambako nguzo hazijafika, akaagiza paneli za jua. Yeye alikuwa mtu wa kuuza. Kazi ya kujua paneli ngapi zinamtosha nani aliiacha kwa Mzee Nandonde.

Mzee Nandonde alikuwa mtu wa Newala, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Alistaafu kazi ya mitambo ya simu, na huko ndiko alikojulia paneli, maana waliziweka kwenye vilima vya porini ambako mtambo wa simu hauna umeme wala mtu wa kuulinda. Kwao walikuwa wachonga vinyago, yeye peke yake ndiye aliyekwenda kwenye waya, na ndugu zake walimwona kapotea. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitoa nje hadi uani, akaniuliza, "Rashidi, jua linatoka wapi?"

Nikanyoosha kidole mashariki.

"Leo," akasema. "Na mwezi wa sita?"

Nikanyoosha pale pale. Akacheka, akarudi ndani kunywa chai. Wiki nzima hakunifundisha kingine chochote. Kila asubuhi nilipiga mstari wa chaki ukutani, pale kivuli cha nguzo ya kuanikia nguo kilipoangukia saa tatu, mpaka nikaona kwa macho yangu kwamba jua linahama. Sisi watu wa Dar tunaishi chini ya jua maisha yetu yote na hatujui kwamba Januari linapita upande wa kusini, na Juni linapita upande wa kaskazini.

Hesabu zenyewe hazikuwa ngumu. Paneli ya wati hamsini ikipata saa nne za jua kali kwa siku, imekupa wati-saa mia mbili. Toa kama theluthi kwa ajili ya joto, vumbi, waya na betri, kinachobaki ndicho chakula cha mteja. Ugumu ulikuwa kwenye hizo saa nne. Waagizaji wengine walichukua wastani wa mwaka, au wakachukua Desemba, mwezi wa sifa. Mzee Nandonde aliukataa wastani. "Hesabia mwezi mbaya," alisema. "Mteja hali wastani." Kwa hiyo tulihesabia masika, na makadirio yetu yalikuwa na paneli nyingi kuliko ya wenzetu, na bosi alinuna.

Wateja walitufundisha mengine. Bwana mmoja wa Mbweni alitaka umeme wa jua wa taa, video, friji na pasi. Nikamwonyesha kwamba pasi peke yake inataka paneli za kufunika paa lote na kibanda cha mlinzi. Mkewe alisikiliza, kisha akasema, "Basi sie tutavaa nguo zilizokunjamana, bora mtoto asome." Mpaka leo namhesabu yule mama kuwa mteja mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwahudumia.

Chombo chetu kikuu Mzee alikichonga mwenyewe kwa mpingo: nusu duara yenye alama za nyuzi za pembe, uzi wa timazi uliofungwa kipande cha risasi, na ukingo wa kuchungulia. Tulikiita ubao wa kivuli. Unapanda juu ya paa, unasimama pale paneli itakapokaa, unachungulia kilele cha kila mti na kila ukuta unaokuzunguka, unasoma uzi umeangukia alama gani, unalinganisha na jedwali la jua la miezi yote. Dakika kumi, kumi na tano. Ukimaliza unajua mti ule utakuibia saa ngapi, mwezi gani. Na wizi wa kivuli ni mbaya. Paneli za wakati ule zilikuwa kama mpira wa maji. Ukiukanyaga mahali pamoja tu, mbele hakutoki kitu.

Nilikuwa naona haya kuubeba. Pale Mbweni mama mmoja aliniona juu ya paa lake nimefumba jicho moja na kipande cha mpingo usoni, akaita, "Wewe, fundi au mganga? Unapunga nini huko?" Majirani wakacheka wiki nzima. Mimi nilikuwa nimeshanunua kalkuleta Kariakoo, ile inayokula mwanga, na niliiweka mfuko wa shati ionekane. Kidogo kidogo ubao wa kivuli ukawa unabaki kwenye begi. Baadaye ukawa unabaki ofisini.

Sasa niwaambie kuhusu zahanati.

Ilikuwa Kibamba, kwa ndani kutoka barabara ya Morogoro, vyumba vitatu vya bati vilivyojengwa kwenye kiwanja alichokitoa Bi. Mwanaidi. Huyu alikuwa mama wa Kizaramo, mwenye shamba, mjane, wa makamo kuelekea uzee. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati, na katikati ya nyumba na zahanati palikuwa na mkwaju mkubwa, mzito wa majani, na chini ya mkwaju makaburi mawili mafupi. Wafadhili walikubali kuipa zahanati friji la chanjo linaloendeshwa kwa jua, na kampuni yetu ikapewa kazi ya kupima. Mzee Nandonde alikuwa Newala kwenye msiba. Nikaenda peke yangu. Ilikuwa Januari.

Bi. Mwanaidi alinipa chai ya mchaichai na kunieleza, bila mimi kumuuliza, waliolala chini ya mti. Zuwena alikuwa na miaka minne na Athumani miwili. Surua iliwachukua ndani ya wiki moja, zamani, kabla hakujawa na zahanati wala njia ya gari. "Nilimbeba Zuwena mgongoni hadi barabarani," alisema. "Nilipofika nilikuwa nimebeba maiti, na mie sijui." Ndiyo maana alitoa kiwanja. Alitaka chanjo iwe karibu na nyumba za watu. Na chini ya mti ule ndipo alipofanyia kazi zake zote za kukaa, kuchambua mchele, kumenya kunde, kusuka ukili, akiwa na wanawe pembeni. Alivyosema neno hilo, wanangu, mtu angedhani wako ndani wanacheza.

Nesi wa zahanati, Konsolata, mwenyeji wa Masasi, alinifuata hadi kwenye ngazi. "Fundi, mie nataka neno moja tu. Friji litakaa baridi mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Hata masika?"

"Hata masika. Nimehesabia mwezi mbaya."

Na kweli nilikuwa nimehesabia. Nilipanda paa, nikakaa huko tangu asubuhi hadi alasiri nikipima bati na kuchora, na muda wote jua liliniwakia utosini. Mkwaju ulikuwa upande wa kaskazini, hatua kumi tu kutoka ukutani, lakini jua la Januari lilikuwa kusini, na kivuli cha mti chote kilikuwa kinaangukia upande wa pili, mbali nami. Ubao wa kivuli ulikuwa Magomeni, juu ya kabati. Nikajaza fomu ya makadirio. Palipoandikwa *Kivuli*, nikaandika *Hakuna*, nikatia sahihi.

Mtu niliyepiga mistari ya chaki ukutani wiki nzima! Hadi leo sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani sikuwaza. Jua lilikuwa linaniunguza shingo, nikaamini shingo yangu.

Tukafunga paneli mwezi wa pili. Friji likafanya kazi, watoto wakachanjwa, Nesi Konsolata akaandika joto la friji kila asubuhi na kila jioni kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni. Masika friji likaanza kuchechemea, tukasema ni mawingu. Mwezi wa sita mbingu ikafunguka, jua likawaka, na friji likafa kabisa. Nesi akatuma ujumbe. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la chanjo mkononi.

"Hizi natupa," alisema. "Zote. Leo nimewarudisha kina mama ishirini na kitu. Kuna mmoja katoka Mloganzila kwa miguu na mtoto. Nimwambie nini?"

Nikapanda paa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku nyeupe isiyo na wingu, na paneli zote zilikuwa gizani. Kivuli cha mkwaju kilikuwa kimelala juu yake kama shuka. Nikakaa pale pale kwenye bati nikiangalia. Kilihama polepole, na mpaka saa saba kasoro ndipo paneli ya mwisho ilipotoka kivulini. Nusu nzuri ya siku ilikuwa imekwisha.

Hapa sasa someni vizuri, maana ndipo ilipo kazi yangu yote.

Nilishuka, nikatembea kiwanja kizima. Upande wa kusini magharibi, karibu na tangi la maji, hatua thelathini kutoka friji lilipo, palikuwa peupe. Nilisimama hapo, jua likanipiga usoni. Nikatoa kalkuleta. Nguzo nne za chuma, waya mnene wa kufikia friji bila kupoteza nguvu, siku mbili za kazi. Ingewezekana. Kilichotakiwa ni mimi kwenda kwa bosi na kusema, makadirio yalikosewa, waombeni wafadhili waya na nguzo. Wafadhili wangeuliza fomu inasema nini. Fomu ilisema *Hakuna*, na chini yake jina langu.

Miezi mitatu kabla ya hapo bosi alikuwa amemfukuza fundi mwenzetu kwa betri aliyoifunga vibaya. Nikaiona ile karatasi ya getini. Mtoto wa pili alikuwa ameshazaliwa. Nikaweka kalkuleta mfukoni, nikasema naomba kuongea na kamati.

Kamati ilikaa barazani siku hiyo hiyo: wazee wanne, Nesi Konsolata na Bi. Mwanaidi mwenyewe. Nikawaambia kwamba mti unaziba jua. Mzee mmoja akauliza mbona ulipopima hukusema. Nikajibu, "Mti umekua."

Bi. Mwanaidi akanitazama. "Umekua?"

"Umekua, Bibi. Mvua za masika. Umechipua sana."

"Tangu Januari?"

"Ndiyo, Bibi."

Hakuna aliyecheka. Wazee waliangalia miguu yao. Bi. Mwanaidi alifunga vizuri kanga kichwani, akauliza, "Ukikatwa, friji litapona?"

"Litapona."

"Na hakuna namna nyingine?"

Nilikuwa nimekaa nimelipa mgongo tangi la maji. "Hakuna, Bibi."

Nesi Konsolata alianza kulia kabla Bi. Mwanaidi hajasema neno. Bi. Mwanaidi hakulia. Alisema, "Kuna watoto wa watu wanarudishwa majumbani. Siwezi kushikilia mti. Ila nipeni hadi Jumatatu. Siwezi kuwavunjia wanangu nyumba yao bila kuwaambia."

Jumatatu nilikuwepo. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nilikwenda, sijui kwa nini. Alikuwa amesoma Yasini na kuwapikia majirani wali, kama khitma ndogo. Aliyafunika makaburi kwa makuti mapya, akayapanga vizuri moja juu ya jingine, akamwambia mpwa wake mwenye shoka, "Angalieni vipande visiwaumize." Kisha akaingia ndani. Ilichukua siku mbili. Mkwaju ni mti mgumu, na kila shoka lilipotua mimi nilihesabu hatua thelathini hadi kwenye tangi, nikazihesabu tena. Ningeweza kusema basi wakati wowote. Hata shoka lilipokuwa limefika nusu ya shina ningeweza kusema.

Friji likapona ndani ya siku nne. "Nyuzi nne asubuhi, tano jioni!" Nesi Konsolata alinionyesha karatasi yake kama mtu anayeonyesha matokeo ya mtihani ya mwanawe. Kina mama wakarudi. Wafadhili walikuja, wakapiga picha na paneli, na mmoja wao akanipa mkono. Nyuma ya zahanati, makaburi yalikuwa juani.

Mzee Nandonde alikuja kukagua mwezi uliofuata. Alikuta kisiki, akasimama hapo muda mrefu. Alikuwa mtoto wa wachonga miti, na kwake kisiki si kitu cha kupita tu. Akatoa ubao wa kivuli, akapanda paa, akachungulia hewa tupu pale mti ulipokuwa. Aliposhuka akaomba fomu. Akaisoma.

"Ulipima na nini, Rashidi?"

"Macho, Mzee."

Akazunguka kiwanja kwa hatua zake fupi, akafika kwenye tangi la maji, akasimama. Alikuwa amepaona kwa dakika mbili. "Hapa pangefaa," akasema. "Hukupaona?"

Alikuwa ananitazama bila hasira. Kama angekuwa na hasira, pengine ningesema kweli.

"Sikupaona, Mzee."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi kosa langu. Nilikufundisha kutafuta kivuli, sikukufundisha kutafuta pa kukikimbia." Na tangu siku hiyo, kila fundi mpya aliyekuja, Mzee alimtembeza kiwanja kizima kwanza kabla ya kumruhusu kupanda ngazi. Nyote mmefundishwa hivyo. Mlidhani ni utaratibu wa kampuni. Ni adhabu aliyojipa mzee wa watu kwa kosa lisilo lake.

Alifariki masika iliyofuata, ugonjwa wa siku tatu. Tulimzika Temeke kwenye mvua. Nilitupa koleo zangu za mchanga nikiwa bado nimelibeba neno langu, na nilijua kwamba kwake sasa nimechelewa. Mjane wake alinipa ubao wa kivuli. Alisema marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza nipewe mimi. Sikuwahi tena kupanda paa bila huo ubao, na wateja walinicheka, na niliwaacha wacheke.

Miaka michache ikapita, nguzo za umeme zikaifikia Kibamba. Zahanati ikaunganishwa, ikaletewa friji la kawaida, na bosi akanituma nikafungue paneli zipelekwe kwingine. Ndiyo kusema mti uliopandwa na babu wa watu tuliukata kwa ajili ya mitambo iliyokaa pale muda mfupi kuliko mtoto anavyomaliza shule ya msingi. Nilifungua nati moja moja. Kutoka paani niliyaona makaburi. Bi. Mwanaidi alikuwa ameyajengea kibanda, miti minne na makuti juu, bila kuta, na makuti yalikuwa yamechakaa, jua limeingia. Nesi Konsolata aliniambia kila mwaka Bibi anakijenga upya kwa mikono yake, hataki kusaidiwa.

Nilishusha paneli ya mwisho, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani kwake. Alikuwa barazani na ungo wa mchele. Alikuwa amezeeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fundi wa jua! Umekuja kuchukua vyuma vyenu?"

"Ndiyo, Bibi." Nikakaa chini kwenye ukingo wa baraza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ile karatasi ya getini. "Bibi, ule mti haukukua."

Akaendelea kuchambua. "Najua. Kaupanda babu yangu. Mkwaju wa umri ule unakua wapi tena?"

"Ulijua?"

"Tulijuaga sote siku ile ile. Tukasema, kijana wa watu kakosea hesabu zake, anaona haya kusema. Mtu asiyejua hana dhambi. Tukakusitiri." Akatupa punje mbovu uani. "Usiwe na kinyongo na nafsi yako, baba. Watoto walichanjwa."

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshanipa msamaha mkononi, na ningeondoka nao, akafa hajui zaidi. Nilikumbuka uso wa Mzee Nandonde pale kwenye tangi.

"Si hilo tu, Bibi. Siku ile uliniuliza kama kuna namna nyingine. Ilikuwepo. Pale penye tangi la maji. Tungezihamishia pale, mti ungebaki."

Mikono yake ikasimama. "Ulikuja kulijua hilo lini? Baada ya kuukata?"

"Kabla, Bibi. Siku ile ile. Nilitoka kupima pale, ndipo nikaja kukaa kikao."

Aliuweka ungo chini, taratibu, mchele usimwagike. Nilisikia watoto wakilia zahanati, siku ya chanjo.

"Mie nilikwenda nikawaambia wanangu hakuna namna nyingine," alisema mwishowe. "Nikawaapia. Nikawaambia, mama yenu angekuwa na njia, asingewatoa kivulini."

"Nisamehe, Bibi."

"Mie?" Akainuka kwa kushika nguzo ya baraza. "Wenyewe wako pale. Nenda kawaambie. Mie siwezi kuwarudia na maneno hayo."

Nikaenda. Ilikuwa karibu saa saba, na ardhi ilikuwa imepasuka kuzunguka makaburi yote mawili. Nilivua viatu, nikachuchumaa chini ya makuti yaliyochakaa. Nikasema, Zuwena, Athumani, mimi ndiye fundi. Njia ilikuwepo, niliiona, nikamwambia mama yenu haipo. Yeye hakuwadanganya. Nikabaki pale kitambo, sikuweza kuondoka.

Nilipoinuka baraza lilikuwa tupu. Bi. Mwanaidi alikuwa ameingia ndani na ungo wake, na mlango ameufunga.